Mchanga wa mito ndilo tangi la maji la vijiji vya Ukambani

Katika mtaa wa Kileleshwa, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, ni nadra kuona jengo lisilo na tangi la maji. Mengine yamepangwa juu ya paa, mengine yamefukiwa chini ya ua. Mifereji inapokauka, wakazi huagiza maji ya malori au huyavuta kutoka visima virefu vilivyochimbwa katika viwanja vyao.

Tahadhari hiyo ina sababu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 na ambalo linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Mvua zilipopungua na kina cha bwawa hilo kushuka, jiji liliwekwa chini ya mgao wa maji mapema mwaka wa 2017. Aliyekuwa na tangi kubwa alivumilia. Asiyekuwa nalo alipanga foleni na mtungi mkononi.

Lakini lipo tangi jingine ambalo mkazi wa Kileleshwa halioni, ingawa yamkini analala kila usiku kati ya kuta zilizojengwa kwalo. Tangi hilo ni mchanga wa mito ya Machakos, Makueni na Kitui.

Mvua ipo, akiba haipo

Mito mingi ya Ukambani hutiririka kwa muda mfupi tu. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, kati ya Machi na Mei, na kati ya Oktoba na Desemba. Inaponyesha, huja kwa kishindo. Mto hufurika kwa saa au siku chache, kisha maji hutoweka kuelekea Bahari Hindi. Kinachobaki ni mkondo mpana wa mchanga mkavu.

Kwa hivyo, shida ya vijiji hivyo si ukosefu wa mvua pekee, bali pia ukosefu wa mahali pa kuiweka. Lambo la wazi husaidia, lakini katika maeneo hayo yenye joto jua linaweza kunyonya kina cha takriban mita mbili za maji kwa mwaka. Isitoshe, maji yaliyotuama huvutia mbu na mifugo. Visima virefu navyo ni ghali, na katika sehemu nyingi za Ukambani maji yake huwa na chumvi.

Tangu zamani, akina mama wa Ukambani wamejua kwamba mto uliokauka haujaisha maji. Huchimba shimo mchangani, husubiri maji yajikusanye polepole, kisha huyateka kwa kata. Kadiri kiangazi kinavyoendelea, ndivyo shimo linavyozidi kwenda chini na safari inavyozidi kuwa ndefu. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya maarifa hayo.

Jinsi bwawa la mchanga linavyofanya kazi

Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, msingi wake ukiwa umeshikamana na mwamba. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta huo, na udongo mwepesi huchukuliwa na maji yanayopita juu yake. Baada ya msimu mmoja au misimu kadhaa, nyuma ya ukuta hujaa mchanga.

Mtu asiyefahamu angedhani bwawa limeharibika. Ukweli ni kwamba sasa ndipo limekamilika, kwa kuwa maji hujificha katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Tukichukua kwamba robo ya ujazo wa mchanga ni maji yanayoweza kutekwa, mita za ujazo 8,000 za mchanga huhifadhi lita milioni mbili, yaani mitungi 100,000 ya lita 20. Jua haliwezi kuyafikia yaliyo chini, mbu hawapati pa kutagia mayai, na mchanga wenyewe huyachuja. Aidha, kando za mto hunywa maji hayo, na visima vifupi vya jirani huchelewa kukauka.

Maji hutekwa kupitia kisima kifupi chenye pampu ya mkono, au bomba linalopenya ukuta. Mashimo ya wazi yangali yanatumika, ila mifugo ikiyafikia huyachafua, na hapo ni lazima maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Mabwawa ya aina hii yalijengwa Ukambani tangu enzi ya ukoloni, katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, wakulima wenyewe waliendeleza kazi hiyo. Kundi la Utooni, lililoanzishwa Machakos mwaka wa 1978 chini ya Joshua Mukusya, liliifanya kuwa kazi ya vikundi vya kujitegemea. Katika Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa tangu miaka ya 1990. Nguvu kuu imekuwa mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi: wanakijiji hukusanya mawe, maji na mchanga, nao wafadhili huleta saruji, vyuma na fundi.

Paa na jabia

Pasipo na mto wa mchanga, zipo njia nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye mabati ya mita 50 za mraba, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Hata moja kwa tano ikipotea, hubaki lita 24,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huweza kutegemea tangi la lita 10,000 kwa siku zaidi ya 80.

Huko Pwani, wakazi wa visiwa vya Lamu kama vile Ndau na Kiwayu wametumia majabia kwa vizazi vingi. Jabia hukinga maji ya mvua na kuyaweka mahali ambapo maji ya visima ni ya chumvi. Wazee hao walielewa maana ya akiba haiozi.

Mchanga unapopanda lori

Kinachotishia mabwawa ya mchanga ni soko la mchanga wenyewe. Katika miongo ya karibuni, Kileleshwa imegeuka kutoka mtaa wa nyumba za chini zenye bustani pana na kuwa mtaa wa maghorofa. Zege na plasta huhitaji mchanga, na mito ya Ukambani imekuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya mchanga wa ujenzi jijini.

Mchanga ukizolewa hadi kwenye mwamba, mto hubaki kama mfereji wa kupitisha mafuriko. Mvua hunyesha ile ile, lakini hakuna kinachoikamata. Kingo humomonyoka, visima vya jirani hukauka, na mwanamke aliyekuwa akiteka maji karibu na kwake hulazimika kwenda mbali zaidi. Watu wamewahi kuuawa katika mizozo ya mchanga katika eneo hilo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji zimekabidhiwa serikali za kaunti. Makueni ilipitisha mwaka wa 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti matumizi yake. Sheria ya aina hiyo huwa na nguvu wanakijiji wanapoulinda mto wao na mnunuzi anapokataa mchanga ulioibwa usiku.

Wanaojenga nao wana njia mbadala. Mchanga wa mawe yaliyosagwa katika machimbo hutumika katika ujenzi, na mwenye kiwanja anaweza kumtaka mkandarasi aonyeshe kibali cha mahali mchanga ulikotoka. Swali hilo huchukua dakika moja kwenye lango la kiwanja cha ujenzi Kileleshwa. Kwa kijiji kilicho kando ya mto Thwake au Kaiti, jibu lake linaweza kuamua iwapo kutakuwa na maji ya kunywa mwezi wa Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.