Sura ya Saba: Pejifaili Likae Diski Ipi?

Mafundi wa Kasulu na Kibondo wanapofufua kompyuta ya mtumba, mara nyingi huiachia diski mbili: SSD ndogo yenye Windows, yaani C, na ile diski ya zamani ya kuzunguka, D, iliyopachikwa palipokuwa na DVD. Kazi nzuri. Kinachoniudhi ni ushauri wa bure unaoisindikiza: “Hamishia pejifaili D, SSD isije ikafa mapema.” Pejifaili ni faili la diskini ambamo Windows huweka kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zilizokosa nafasi kwenye RAM.

Sura hii niliipanga ianze na ukubwa wa pejifaili, ndipo ije mahali pake. Lakini uzushi huu nimeusikia mno, tuumalize kwanza.

Tupige hesabu. Kingston A400 ya GB 240 imekadiriwa na kiwanda kuandikiwa TB 80. Tuseme pejifaili linaandika GB 10 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo: zitapita siku 8,000, karibu miaka 22. Kompyuta yenyewe itakuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Isitoshe, Microsoft walipochunguza mwaka 2009, walikuta pejifaili linasomwa takriban mara 40 kwa kila mara moja linapoandikwa, tena kwa vipande vidogo vidogo. Kinachokula uhai wa SSD ni kuandika.

Vipande hivyo ndivyo vinavyoitesa D. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika husubiri wastani wa milisekunde 5.6 kipande kifike chini ya kichwa chake, mbali na muda wa kichwa kusogea. Kurasa elfu moja zilizotawanyika zitakula sekunde 15 hivi. SSD huzimaliza kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mwalimu mwenye RAM ya GB 4 anatoka kwenye kivinjari, anabofya Excel ya matokeo, dirisha linakuwa jeupe, taa ya diski inawaka bila kuzima, na ndani kunasikika mkwaruzo. Anaambiwa ni virusi!

Wala jambo hili si jipya. Atlas, kompyuta ya kwanza yenye kumbukumbu pepe, yaani mbinu hiihii ya kuiazimia kumbukumbu kuu nafasi kwingine, ilizinduliwa Manchester, Uingereza, tarehe 7 Desemba 1962, siku mbili kabla Tanganyika haijawa Jamhuri. Tom Kilburn na wenzake walikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 16,384, dramu la sumaku la maneno 98,304, na kanda za sumaku zenye nafasi tele. Kurasa zilizokosa nafasi zilikwenda kwenye dramu, si kwenye kanda. Nafasi tele bila kasi ndiyo D yako.

Wengine, waliozoea umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, wanahofu kuwa umeme ukikatika pejifaili litaiharibu C. Kompyuta ikiwashwa upya, yaliyokuwamo hayana kazi tena. Kinachopotea ni hati ambayo hukuihifadhi.

Ukubwa, basi, kwa kifupi. Kanuni ya RAM mara moja na nusu ni ya enzi za megabaiti. Andika sysdm.cpl, ingia kwenye mipangilio ya utendaji, uiachie Windows isimamie yenyewe kwenye C. Ukilizima kabisa, RAM ikijaa programu zitafungwa ghafla. C ikijaa, hamishia D picha za harusi. Na kabla hujalipia programu ya “kusafisha RAM”, fungua kifuniko uone kama kuna nafasi ya pili ya RAM iliyo wazi. Programu hizo huzisukuma kurasa zako kwenye pejifaili, kisha Windows inalazimika kuzisoma upya.