Je, Wajua? Ndege Haiondoki Leo, na Sababu Ndiyo Hii

Je, wajua kwamba mtu wa Wote, Emali au Kitui mjini huufikia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla ya kuufikia mji wa Nairobi wenyewe? Barabara ya Mombasa humpitisha kwanza Embakasi, uliko uwanja huo. Viwanja vidogo tunavyo huku Ukambani, Kitui na Makindu, lakini hakuna shirika linalotua huko kwa ratiba. Basi safari ikifutwa, msafiri wa Ukambani hana pa kujishikiza. Ameshatoka nyumbani usiku, amelipa nauli ya matatu, amesindikizwa na jamaa, na kilomita 170 hivi za kurudi Kitui zinamngoja. Gharama hiyo haiingii katika hesabu ya mtu yeyote ila yeye. Kwa hiyo sababu anayotajiwa kaunta si jambo dogo, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua nani atalipa.

Je, wajua kwamba "sababu za kiutendaji" inaweza kuwa na maana nyingi? Pengine injini imeharibika na kipuri hakipo. Pengine rubani amemaliza saa anazoruhusiwa kufanya kazi kisheria, na akirusha ndege baada ya hapo atakuwa amevunja sheria ya usalama. Pengine ndege yako ilichelewa Kisumu alfajiri, ikachelewa Mombasa adhuhuri, na jioni ikakosa kufika kabisa, kwani ndege moja huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Abiria ana haki ya kuambiwa ni ipi kati ya hizo. Kumpa maneno hayo matupu na kumgeuzia mgongo ni kumnyima anachohitaji ili adai chake.

Je, wajua kwamba nzige wanaweza kuigeuza ndege angani? Januari 2020, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Djibouti iliingia katika kundi la nzige ilipokaribia kutua Dire Dawa. Kioo cha mbele kilifunikwa hata marubani wakashindwa kuona, wakaelekea Addis Ababa. Mwezi huohuo nzige walikuwa wameshafika Kitui, upande wa Mwingi, wakila malisho na mimea ya watu.

Ndege wa angani nao ni hatari vilevile. Mpango wa kuhamisha jaa la Dandora hadi Ruai ulipingwa na mamlaka ya viwanja vya ndege kwa hoja kwamba takataka zingevuta ndege wala mizoga katika njia ya kutua Embakasi.

Je, wajua kwamba majivu ya volkeno ni vumbi la mawe na vioo? Yakiingia ndani ya injini huyeyuka kwa joto, kisha huganda kwenye mapanga yake. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways ilizimikiwa na injini zote 4 karibu na kisiwa cha Java, ikashuka ikipepea bila nguvu hadi marubani walipofaulu kuziwasha tena. Aprili 2010 mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulipolipuka, karibu safari 100,000 zilifutwa Ulaya. Maua na mboga za Kenya zilikaa maghalani Embakasi zikaoza, na nyingine zikalishwa mifugo. Anayelima bamia na karela Kibwezi kwa soko la Ulaya anaelewa uchungu huo, maana mboga haingoji anga ifunguliwe. Juni 2011 ikawa zamu ya Nabro huko Eritrea, na waziri wa mambo ya nje wa Marekani wa wakati huo, Hillary Clinton, akalazimika kukatiza ziara yake Addis Ababa ili asikwame. Makueni yenyewe inapakana na Milima ya Chyulu, ambayo ilitema moto mara ya mwisho katikati ya karne ya 19.

Joto pekee pia hutosha kufuta safari. Tarehe 20 Juni 2017, mji wa Phoenix, Marekani, ulipita nyuzi 47 za Selsiasi, na makumi ya safari za ndege ndogo zikafutwa kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na haibebi bawa vizuri. Embakasi ipo mita 1,624 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi tayari. Mchana wa jua kali, ndege nzito ya safari ndefu hulazimika kupunguza mzigo, mafuta au abiria. Baridi ya usiku huipunguzia shida.

Je, wajua kwamba uwanja mkubwa kuliko yote Kenya una njia moja tu ya kurukia? Ndege moja ikikwama hapo, zote zinangoja, na zilizo angani hutafuta Mombasa, Kisumu au Eldoret. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza jengo la kuwasili la kimataifa. Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima na jenereta ya uwanja ikashindwa kufanya kazi, abiria wakakaa gizani kwa saa nyingi. Mkuu wa mamlaka ya viwanja alifutwa kazi.

Siasa nayo hufuta safari. Agosti 2020 Tanzania iliizuia Kenya Airways kwa sababu Kenya haikuitia katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake waliruhusiwa kuingia wakati wa korona. Zuio hilo lilidumu hadi Septemba. Januari 2024 Tanzania ikatangaza zuio jingine, mara hii kwa ajili ya ndege za mizigo za Air Tanzania zilizonyimwa kibali Nairobi. Mawaziri walielewana kabla tarehe haijafika. Miezi mitatu baadaye Kenya Airways ilisimamisha safari zake za Kinshasa kwa sababu wanajeshi wa Kongo walikuwa wamewakamata wafanyakazi wake wawili kuhusu mzigo ambao shirika lilisema halikuupokea, kwa vile karatasi zake hazikukamilika. Walipoachiliwa mwezi Mei, safari zikarudi.

Vijana wetu wanaoenda Ghuba kufanya kazi za ndani na za ulinzi wana hadithi zao. Aprili 16, 2024, mafuriko yaliukwamisha uwanja wa Dubai. Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake wakati Iran iliporusha makombora kuelekea kambi ya Marekani nchini humo. Msichana wa Mutomo anayebadilisha ndege Doha kwa mara ya kwanza, bila fedha za hoteli, anastahili kuelezwa haki zake kabla hajaondoka, na wakala aliyemtafutia kazi ndiye angepaswa kumweleza.

Je, wajua kwamba mgomo mmoja unaweza kukupa haki ukienda Kusini na kukunyima ukienda Kaskazini? Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma wakidai mchango wa akiba yao ya uzeeni na mishahara iliyozuiwa wakati wa korona. Maelfu ya abiria walikwama hadi marubani waliporudi kazini siku nne baadaye kwa amri ya mahakama. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 humlinda kila anayepanda ndege kutoka uwanja wa Umoja huo, shirika liwe la nchi yoyote. Lakini anayetoka nje kwenda huko hulindwa tu akipanda ndege ya shirika la Umoja huo. Kwa hiyo wa Amsterdam kuja Nairobi kwa Kenya Airways amo, na wa Nairobi kwenda Amsterdam kwa shirika hilohilo hamo. Kiasi chenyewe ni yuro 600 kwa safari inayopita kilomita 3,500, iwapo hukujulishwa angalau siku 14 kabla. Tofauti hii inaumiza. Jasho lililonunua tikiti ni moja.

Kwa kuwa shirika halilipi fidia hiyo ikiwa sababu ni dharura, Mahakama ya Umoja wa Ulaya imezichambua sababu moja baada ya nyingine. Hitilafu ya kawaida ya mitambo si kisingizio, ilisema mwaka 2008. Kugongwa na ndege wa angani ni dharura, 2017. Mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe si dharura, 2021. Mwaka 2023 ikaamua kesi ya shirika la TAP, ambalo rubani wake msaidizi alikutwa amekufa hotelini muda mfupi kabla ya safari. Msiba ulikuwa mzito, lakini mahakama ilisema shirika bado linapaswa kulipa fidia. Na hata kwa majivu ya Iceland, ambayo ni dharura kamili, iliamua mwaka 2013 kwamba chakula na malazi ya waliokwama ni wajibu wa shirika.

Kenya nayo ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Chini yake, abiria wa kimataifa aliyecheleweshwa anaweza kudai hasara anayoweza kuithibitisha, hadi kikomo ambacho tangu Desemba 28, 2024 kinazidi shilingi milioni moja za Kenya, isipokuwa shirika lionyeshe kwamba lilifanya kila liwezekanalo kuzuia ucheleweshaji huo. Risiti ya matatu, ya chakula na ya kitanda ni ushahidi. Omba sababu kwa maandishi palepale kaunta, au ujumbe wa simu unaoitaja. Mzigo ukichelewa, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 21 tangu uupokee. Kesi yenyewe hufunguliwa ndani ya miaka miwili tangu siku ambayo ndege ilipaswa kufika.