Mtu Mzima Mmoja katika Maisha ya Mtoto
Haiba na matarajio ya mtoto hujengwa pia na watu wanaomzunguka. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Takriban theluthi yao walikabiliwa na hatari nyingi, zikiwemo ufukara, ugomvi wa wazazi na maradhi ya akili nyumbani. Hata hivyo, katika kundi hilo, mmoja kati ya kila watatu alikua mtu mwenye kujiamini na kujitegemea. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali daima: bibi, mwalimu au jirani. Kwa hiyo, mtoto anapoletwa kliniki, mhudumu aulize pia ni nani humsikiliza.