Je, Wajua? Sindano Inayotangulia Kisu

Je, wajua kwamba anayebadilishiwa goti au nyonga huchomwa antibiotiki akiwa hana hata tone la usaha mwilini? Hana homa, hana kidonda. Dawa inatangulia kuwangoja bakteria mlangoni, kabla hawajapiga hodi!

Na saa inaangaliwa kwelikweli. Sefazolini, dawa inayotumika zaidi, huingizwa mshipani ndani ya dakika 60 kabla ngozi haijapasuliwa. Mtu mzima hupewa gramu 2, lakini mwenye kilo 120 na kuendelea hupewa 3. Upasuaji ukipita saa 4, anaongezwa dozi nyingine papo hapo, yeye yuko usingizini wala hana habari.

Unadhani ni mbwembwe za madaktari? Haya, sikia ya Salt Lake City, Marekani. Mwaka 1992 watafiti wa huko walitoa matokeo ya wagonjwa 2,847 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Kwa waliochomwa ndani ya saa 2 kabla ya kisu, vidonda vilivyoingiwa na maambukizi havikufika hata 1 kwa kila 100. Waliochomwa mapema kupita hapo? Karibu 4 kwa kila 100! Na waliocheleweshewa zaidi ya saa 3 baada ya kisu, zaidi ya 3.

Goti lina mambo yake. Wapasuaji wengi hulifunga paja kwa mkanda unaojazwa hewa ili damu isimwagike hovyo. Mkanda ukishabana, damu haipiti tena, na dawa inayosafiri na damu nayo inaishia juu. Ndiyo maana sindano hutangulia mkanda.

Hili utalipenda. Shirika la Afya Duniani lina karatasi ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti chumba cha upasuaji, kila mtu akiwa amesimama mahali pake. Inauliza: antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Visanduku vya jibu ni viwili tu, "Ndiyo" na "Haihusiki". Cha "Hapana" hakimo kabisa!

Wajua ukoo wa sefazolini ulianzia wapi? Kwenye majitaka! Mwaka 1945 Giuseppe Brotzu alichota maji ya bahari karibu na mdomo wa bomba la majitaka mjini Cagliari, kisiwani Sardinia, akakuta kuvu anayeua bakteria. Kuvu huyo ndiye aliyetupa sefalosporini zote, na sefazolini ni mmoja wa wajukuu.

Vankomisini, inayotumika pale sefazolini isipofaa, ilitoka kwenye udongo wa msituni Borneo. Hii haina haraka: hudondoshwa kwa dripu polepole, kwa hiyo huanzishwa hadi dakika 120 kabla ya kisu.

Mbona wasiwasi wote huu juu ya kiungo bandia? Mwaka 1957 watafiti wawili wa London, Elek na Conen, waliwachoma watu waliojitolea (naam, walikubali wenyewe!) bakteria wa stafilokoka. Ngozi tupu ilihitaji mamilioni ya bakteria ndipo itunge usaha. Palipowekwa uzi wa hariri, walitosha kama 100 tu! Ikiwa uzi mmoja unafanya hivyo, fikiria goti zima la chuma na plastiki. Bakteria wakishanata hapo hujifunika utando ambao antibiotiki hupenya kwa taabu, na mara nyingi kiungo hicho hung'olewa.

Huko Wrightington, Uingereza, John Charnley, baba wa nyonga bandia ya kisasa, alipambana na bakteria hao kwa hewa. Katika miaka ya 1960 alijifungia na mgonjwa ndani ya kibanda chenye hewa iliyochujwa, amevaa vazi linalofyonza pumzi yake mwenyewe. Mjini Hamburg, mpasuaji Buchholz akachanganya antibiotiki ya jentamisini ndani ya saruji ya mifupa, ile inayoshikiza kiungo bandia. Saruji yenye dawa!

Lakini je, wajua kwamba kurefusha dozi baada ya upasuaji hakusaidii? Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri isiendelezwe. Hospitali ya Thika, Kenya, ilipoweka kanuni ya kuchoma kabla ya kisu badala ya baada, ndani ya wiki chache tu karibu wagonjwa wote wa upasuaji safi (usiogusa mahali penye maambukizi) walikuwa wakichomwa mapema.

La mwisho, na hili ni lako. Kati ya watu 100 wanaosema wana aleji ya penisilini, zaidi ya 90 wakipimwa hukutwa hawana! Na kwa sababu ya neno hilo tu, huenda daktari akaiepuka sefazolini. Ukipangiwa kubadilishwa goti na faili lako limeandikwa aleji hiyo, mweleze daktari kilichokupata hasa: midomo kuvimba, vipele, au tumbo kuvurugika tu. Omba upimwe mapema. Na akikuuliza uzito, taja kilo zako za kweli!