Mwani, Sabuni na Mikono ya Mama

Ukisimama pwani ya Dunda asubuhi, pale samaki wanaponadiwa, utaona ngalawa na mashua, utasikia kelele za wachuuzi na kunusa samaki wa kukaanga. Wengi hudhani kazi ya bahari inaishia hapo. Lakini ukienda kusini mwa mji, ukapita Mbegani kwenye chuo cha uvuvi hadi kijiji cha Mlingotini, siku za bamvuo maji yakikupwa, utawakuta wenzetu wameinama katika maji ya magotini wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Hao ni wakulima, ila shamba lao ni bahari.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tuliwafahamu kwanza kwa maumivu yao. Huyu mgongo, yule macho mekundu kwa chumvi na mwanga wa jua, mwingine nyayo zimechanwa na makombe. Baadaye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hapa Dunda kilipotafuta mradi, tukakumbuka mwani. Tukanunua mkavu ili tutengeneze sabuni. Hapo ndipo tulipojifunza mambo mengi, mengine kwa machozi.

Hebu tuanze na mwani wenyewe. Katika mwili wake mna utomvu uitwao karajinani, ambao hufanya vitu vya majimaji vigande na kuwa laini. Dawa ya meno unayompigia mtoto mswaki, aisikrimu, nyama za makopo na hata baadhi ya dawa za hospitali huwekwa karajinani. Viwanda huukamua tu, wala haviuumbi. Mwani ndio unaoutengeneza, kwa jua na maji ya chumvi, bila mbolea na bila kumwagiliwa. Kazi ya mkulima ni kuuchagulia mahali pazuri, kuufunga usichukuliwe na mawimbi, kisha kungoja. Kipande cha gramu mia moja hivi kinaweza kufikia kama kilo moja kwa wiki sita, mahali panapokifaa. Ukianikwa hunywea sana, hata kilo saba hadi kumi za mbichi hubaki kilo moja.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuutafiti mwani wa pwani yetu kwa miaka mingi. Kutoka visiwani kikaenea bara: Tanga, Bagamoyo, Lindi, Mtwara. Tangu mwanzo wengi wa wakulima wamekuwa wanawake. Wanaume wengi waliona ni kazi ya kuinama kwa senti chache, na kwa kweli hawakukosea sana.

Mwani si kiumbe pekee anayefanya kazi na akina mama. Huko Ghuba ya Fumba, Unguja, wapo waliofundishwa kufuga chaza. Hubandika kipande cha duara nusu ndani ya gamba, kisha chaza humrudisha baharini. Yeye mwenyewe, kwa kuwa hapendi kitu kigeni nyumbani mwake, hukifunika tabaka juu ya tabaka mpaka kinang'aa kuwa lulu nusu. Mama huamua umbo, chaza huamua rangi.

Mwani nao una matakwa yake. Aina zinazolimwa zaidi ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo dhaifu. Maji ya kina kifupi yanapopata joto mno, matawi yake hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na shamba zima laweza kupotea. Tena samaki aina ya tasi huupenda mwani kama mbuzi anavyopenda mchicha. Wataalamu wameshauri kamba zinazoelea katika maji ya kina, ambako hakuna joto kali. Ushauri ni mzuri, lakini unahitaji mashua na kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hawa hawana mashua wala hawakufundishwa kuogelea utotoni. Tunadhani jambo hilo lilistahili kufikiriwa kabla ya kamba.

Ndiyo sababu ya sabuni. Mwani ukiuzwa mkavu kwa gunia, mnunuzi ndiye apangaye bei. Ukisagwa na kutiwa katika sabuni, gunia moja linatosha vipande vingi sana, na bei unapanga wewe. Zanzibar vikundi vya akina mama vimekuwa vikifanya hivyo kwa miaka mingi.

Sisi tulianza vibaya. Kostiki soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tuliipima kwa kikombe cha chai. Sabuni ya kwanza ilipendeza macho, lakini baada ya siku mbili mikono ya watatu kati yetu ilibabuka. Ukali ulikuwa umezidi. Tuliitupa yote, na pesa ya mchango ikaenda nayo.

Hilo lilikuwa dogo. Mwenzetu mmoja alichukua maji ya soda yaliyobaki akayatia katika chupa ya maji ya kunywa, akaiweka chini ya meza nyumbani. Mwanawe wa miaka mitatu aliiona, akanywa funda moja. Jirani, kwa nia njema, akataka kumtapisha. Bahati mama alikumbuka tuliyowahi kusema, akakataa, akamsukutua mdomo na kumkimbiza hospitali. Mtoto yuko hai, lakini koo lilifanya kovu na alipelekwa Dar es Salaam mara nyingi kupanuliwa. Ugali ulikuwa haupiti. Tulijilaumu sana, maana kikundi kilikuwa na wauguzi na hatukuwa tumeweka hata kabati la kufuli.

Kwa hiyo mama, ukitaka kujaribu, shika haya. Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Kwa kilo moja ya mafuta ya nazi tumia gramu 170 za kostiki soda na gramu 350 za maji. Tia soda ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe usimimine maji juu ya soda, kwani hufoka na kukurukia usoni. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, wala si sufuria ya alumini. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje, watoto wakiwa mbali. Yakipoa, changanya na mafuta yaliyo vuguvugu, koroga mpaka iwe nzito kama uji, ndipo utie vijiko viwili vya unga wa mwani uliooshwa chumvi, ukaushwe na kusagwa. Kata kesho yake, kisha iache wiki nne kabla ya kuitumia. Soda ikikudondokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika ishirini au zaidi. Usipake limau wala siki.

Tena usimwambie mnunuzi kwamba sabuni ya mwani inaponya vidonda au ukurutu. Tumesikia wakisema hivyo sokoni. Ni sabuni nzuri, laini kwa ngozi, basi.

Na wale wa Mlingotini, tunaendelea kuwatembelea. Tumewashauri viatu vya mpira, kofia pana, na kula chochote kabla ya kuingia majini, kwa kuwa wengi huingia na njaa. Akichomwa na taa, mguu utumbukizwe katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, kwa saa moja hivi, huku mtu mwingine akiyapima kwa mkono wake asije akaungua, kisha aende zahanati apate sindano ya pepopunda.

Kabati letu sasa lina kufuli. Ufunguo anao mama wa yule mtoto. Aliuomba mwenyewe, na hakuna aliyembishia.