Majaribio ya Kwanza ya Roketi Kubwa Inayotumika Tena

Lau lori lililobeba pamba kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam lingekuwa linatoswa baharini kila mara baada ya kuteremsha mzigo, gharama ya usafiri ingeimeza thamani ya pamba yenyewe. Hata hivyo, kwa muda mrefu hivyo ndivyo usafiri wa anga za juu ulivyoendeshwa. Tangu setilaiti ya kwanza iliporushwa mwaka 1957, roketi nyingi zimefanya safari moja tu. Sehemu zake zimeanguka baharini au kuungua angani, na kwa safari iliyofuata imebidi roketi nyingine iundwe.

Jitihada za kuondoa hasara hiyo si za leo. Chombo cha Marekani kilichoitwa Space Shuttle, kilichoruka kati ya mwaka 1981 na 2011, kiliweza kurudi na kutua kama ndege. Lakini tangi lake kubwa la nje lilitupwa katika kila safari, na matengenezo baina ya safari moja na nyingine yalihitaji muda mrefu na mafundi wengi. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilifaulu kuishusha wima sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9 baada ya kurusha setilaiti. Sehemu ya juu, hata hivyo, iliendelea kupotea.

Swali lililobaki ni hili: je, roketi nzima, tena kubwa kuliko zote zilizotangulia, yaweza kurudi na kutumika tena? Makala haya yanaeleza jinsi swali hilo lilivyoanza kujibiwa kati ya mwaka 2019 na 2021 katika pwani ya Boca Chica, jimbo la Texas, karibu na mahali mto Rio Grande unapoingia baharini.

UGUMU WA KURUDI

Ili chombo kiendelee kuizunguka dunia bila kuanguka, yapasa kiwe na mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kuupata mwendo huo kunahitaji mafuta mengi mno, hata sehemu kubwa kabisa ya uzito wa roketi wakati wa kuondoka ni mafuta pamoja na oksijeni ya kuyaunguza. Kinachobaki kwa ajili ya mwili wa roketi, injini na shehena ni kidogo.

Chombo kinachotakiwa kurudi huongezewa mizigo mingine: ngao ya kukikinga na joto, mabawa ya kukiongoza, na akiba ya mafuta ya kutulia. Kila kilo ya vitu hivyo huchukua nafasi ya kilo moja ya shehena. Roketi ndogo ikiongezewa yote hayo hurudi salama lakini haina ilichokibeba. Ndiyo sababu wabunifu wa roketi hii waliamua kuunda chombo kikubwa sana. Kipenyo chake ni mita 9, na roketi nzima, yenye sehemu mbili zilizopandana, ina urefu wa karibu mita 120. Sehemu ya juu, iitwayo Starship, ndiyo iliyojaribiwa kwanza, nayo peke yake ina urefu wa takriban mita 50.

CHUMA BADALA YA NYUZI ZA KABONI

Mpango wa awali ulikuwa kuunda mwili wa roketi kwa nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi, ambazo ni nyepesi na imara. Mwishoni mwa mwaka 2018 mpango huo uliachwa, na badala yake kikachaguliwa chuma kisichoshika kutu, cha jamii ile ile inayotumika kutengenezea masufuria na vijiko. Kwa mtazamo wa haraka uamuzi huo ulikuwa wa kurudi nyuma, kwa maana chuma ni kizito. Lakini zilikuwapo sababu tatu.

Ya kwanza ni baridi. Roketi hii hutumia methani na oksijeni zilizopozwa mpaka zikawa majimaji. Methani huwa majimaji kwenye nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, na oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Vyuma vingi vya kawaida katika baridi hiyo huvunjika kama kioo, ilhali chuma kilichochaguliwa huzidi kuwa na nguvu. Ya pili ni joto: wakati wa kuingia tena katika angahewa, chuma huvumilia joto kubwa kuliko nyuzi za kaboni, hivyo ngao yaweza kupunguzwa uzito. Ya tatu ni urahisi. Chuma ni cha bei nafuu, na mafundi waweza kukilehemu hata nje ya karakana.

Sababu hii ya tatu ndiyo iliyoamua mwenendo wa kazi yote. Chombo kilichogharimu fedha kidogo na kuundwa kwa muda mfupi chaweza kujaribiwa mpaka kivunjike, na kingine kikawa tayari kuchukua nafasi yake.

Chombo cha kwanza, Starhopper, kiliundwa uwanjani, nacho kilifanana zaidi na tangi la maji la mji mdogo kuliko na roketi. Mwezi Januari 2019 upepo mkali uliiangusha na kuiharibu sehemu yake ya juu, na mafundi wakaamua kuendelea bila sehemu hiyo. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, kwa nguvu ya injini moja, kilipanda mpaka mita 150, kikasogea pembeni na kutua.

SOMO LA MATANGI

Mwili wa roketi hii kwa kweli ni matangi mawili yaliyopandana, la methani juu na la oksijeni chini. Ukuta wake una unene wa karibu milimita 4 tu. Ukilinganishwa na upana wa mita 9, ukuta huo ni mwembamba kuliko ule wa kopo la soda. Kinachoufanya usimame imara ni mgandamizo wa gesi iliyo ndani, kama vile mpira wa baiskeli unavyobeba uzito kwa sababu umejazwa upepo.

Mgandamizo unaohitajika kwa safari ni takriban mara 6 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Hesabu nyepesi yaonyesha maana yake. Mfuniko wa tangi lenye kipenyo cha mita 9 una eneo la karibu mita za mraba 64, na mgandamizo huo husukuma mfuniko kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 3,900 hivi. Nguvu yote hiyo hushikiliwa na mishono ya kulehemu, na mshono mmoja dhaifu watosha kuliangamiza tangi zima.

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 20 Novemba 2019 chombo kilichoitwa Mk1 kilipasuka wakati wa kujazwa. Badala ya kukimbilia kuunda chombo kingine kamili, mafundi waliunda matangi madogo na kuyapasua kwa makusudi. La kwanza, tarehe 10 Januari 2020, lilistahimili mgandamizo wa mara 7 hivi kabla ya kupasuka. Jingine, tarehe 28 mwezi huo huo, lilifikia mara 8 na nusu. Kiwango hicho kilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ni mara 1.4 ya kile cha safari, nayo ndiyo akiba ya usalama iliyotakiwa kwa chombo kitakachobeba watu.

Hata baada ya hapo hasara hazikukoma. Chombo SN1 kilipasuka tarehe 28 Februari 2020 kwa udhaifu wa sehemu ya chini inayopokea msukumo wa injini. Tarehe 3 Aprili chombo SN3 kilijikunja na kuanguka, lakini mara hii mishono haikuwa na hatia. Tangi la juu lilikuwa limejazwa naitrojeni nzito ya majimaji, na tangi la chini likapungukiwa na mgandamizo wa kulibeba. Kosa lilikuwa katika jinsi jaribio lilivyopangwa. Mkasa wa SN1 uliwafundisha mafundi jambo kuhusu chombo. Ule wa SN3 uliwafundisha jambo kuhusu wao wenyewe. Mwezi uliofuata, tarehe 29 Mei, SN4 kiliteketea kwa mlipuko muda mfupi baada ya injini kujaribiwa, kwa kuwa methani ilivuja mahali mabomba ya ardhini yanapoungana na chombo.

Hatimaye, tarehe 4 Agosti 2020, SN5 kilipanda mita 150 na kutua salama, na SN6 kikafanya vivyo hivyo mwezi Septemba. Matangi yalikuwa yamepata jibu.

KUSHUKA KWA TUMBO

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi. Chombo kinachotoka anga za juu hushuka kikiwa kimelala kifudifudi, ili upana wake wote upambane na hewa na kupunguza mwendo. Mabawa manne madogo hufunguliwa na kufungwa ili kukiweka sawa. Kinapokaribia ardhi, injini huwashwa, chombo hugeuzwa kikawa wima, ndipo kitue. Ndege ya kawaida ikizimikiwa injini yaweza kuelea kwa mabawa na kutafuta mahali pa kutua. Chombo hiki hakina nafasi hiyo: injini zisipowaka kwa wakati wake, huanguka.

Tarehe 9 Desemba 2020 SN8 kilipanda kilomita 12 na nusu, kikashuka kwa tumbo kama ilivyokusudiwa na kujigeuza. Lakini mgandamizo katika tangi dogo la akiba ya methani ulikuwa mdogo mno. Injini zilikosa mafuta, mwali ukawa wa kijani kwa kuwa shaba ya ndani ya injini ilikuwa ikiungua, na chombo kikaanguka kwa kishindo. Tarehe 2 Februari 2021 SN9 nacho kilianguka, kwa sababu injini moja kati ya mbili haikuwaka. Marekebisho yalikuwa ya wazi: tangu hapo ziliwashwa injini tatu, kisha isiyohitajika ikazimwa.

Kisa cha SN10 kina mafunzo kuliko vyote. Ili mkasa wa SN8 usirudie, tangi dogo la methani liliongezewa mgandamizo kwa kutumia gesi ya heliamu. Tarehe 3 Machi 2021 chombo kilijigeuza vizuri, lakini mapovu ya heliamu yaliingia katika injini pamoja na methani, na msukumo ukapungua. Kilitua kwa kishindo kikubwa kuliko miguu yake ilivyoweza kustahimili, kikasimama kimeinama, na baada ya dakika 8 hivi kikalipuka. Hivyo dawa ya ugonjwa wa kwanza ilikuwa imezaa ugonjwa wa pili. Hakuna hesabu ya mezani iliyokuwa imelionyesha jambo hilo kabla ya chombo kuruka.

SN11 kiliharibika angani katika ukungu tarehe 30 Machi, kwa moto uliosababishwa na methani iliyovuja. Vyombo vilivyokuwa vimepangwa kufuata viliachwa, mabadiliko mengi yakaingizwa kwa pamoja, na tarehe 5 Mei 2021 SN15 kilipanda kilomita 10, kikashuka, kikajigeuza na kutua. Moto mdogo uliozuka chini yake ulizimwa. Kwa mara ya kwanza mafundi walipata chombo ambacho wangeweza kukikagua kikiwa kizima baada ya safari kama hiyo.

BEI YA ELIMU HII

Haifai kudhani kwamba kuvunja vyombo ni elimu isiyo na gharama. Vyombo hivyo havikubeba watu, lakini havikujaribiwa jangwani. Boca Chica imezungukwa na hifadhi ya ndege na pwani ambako kasa hutaga mayai, na barabara ya kwenda ufukweni ilifungwa mara nyingi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilieleza kwamba SN8 kilirushwa kabla kampuni haijathibitisha kuwa hatari ya mshindo wa mlipuko kwa umma haikuzidi kiwango kilichoruhusiwa. Roketi nzima iliporuka kwa mara ya kwanza, tarehe 20 Aprili 2023, msukumo wa injini uliichimbua saruji chini ya jukwaa na kutawanya vipande na vumbi mbali na uwanja. Mamlaka hiyo ilidai marekebisho 63 kabla ya safari nyingine. Miongoni mwa yaliyofanyika ni kuwekwa kwa bamba la chuma linalomwaga maji chini ya injini.

Njia hiyo ilileta matunda. Tarehe 13 Oktoba 2024 sehemu ya chini ya roketi ilirudi na kudakwa na mikono miwili mikubwa ya mnara ule ule ilikotoka, na tarehe 27 Mei 2025 sehemu ya chini iliyokwisha kuruka ilirushwa tena. Lakini mwaka huo huo wa 2025 vyombo kadhaa vya juu vilipotea, kimoja kikilipuka tarehe 18 Juni kikiwa kwenye jukwaa la majaribio. Kufikia mwisho wa mwaka huo roketi hii ilikuwa haijabeba binadamu.

Basi thamani ya majaribio hayo haipimwi kwa idadi ya vyombo vilivyovunjika, wala kwa idadi ya vilivyotua. Hupimwa kwa jambo moja: kama kila kilichovunjika kilijibu swali ambalo lisingejibiwa kwa njia nyepesi zaidi, na kama jibu hilo lilitumika katika chombo kilichofuata. SN8 na SN10 vilitimiza sharti hilo. SN3 kilipotea kwa kosa ambalo mpango bora wa jaribio ungeliepusha. Siku mtu atakapoketi ndani ya chombo cha namna hiyo kikishuka kwa tumbo, usalama wake utategemea maswali yaliyokwisha kuulizwa kabla yeye hajapanda.