Bosi wa Dagahaley, Usawa Kazini Si Posta ya Ukuta

Kama una ofisi Dagahaley na HR wa Nairobi amekutumia sera ya "kujumuisha kila mtu", shika rada kabla uibandike ukutani.

Kambi za Dadaab zilianza 1991. Kuna wasee wamezaliwa hapo, wakasomea hapo, wakafanya KCSE hapo hapo. Leo ndio wanatafsiri hospitalini, wanafunza madarasani, wanazunguka bloku kwa bloku kuitia watoto chanjo. Malipo yao wanaita "insentivu". Mkenya akipewa kazi hiyo hiyo, analipwa mshahara, na tofauti ya doo si ndogo. Chai mnakunywa pamoja, mwisho wa mwezi kila mtu na dunia yake.

Mashirika yamekuwa yakisema mkimbizi hana kibali, basi hawezi kuajiriwa. Sawa, kitambo ilikuwa noma kweli. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu kufanya kazi kama ana ujuzi unaotambuliwa Kenya. Kibali chake ni kile cha Class M, na kukiomba anahitaji barua ya mwajiri. Yaani wewe. Usipoandika, faili haisongi. Na ile Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wazi: kazi ya thamani sawa, malipo sawa.

Angalia pia tangazo lako la kazi. Likidai kitambulisho cha taifa pekee, ushamkata mkimbizi kabla afike laini ya pili. Kubali kadi ya mkimbizi. Kama kuna mafunzo Nairobi, mwombee ruhusa ya kusafiri mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Halafu usidhani kambi yote ni watu wamoja. Kuna Waethiopia, kuna Wasudan Kusini, na kati ya Wasomali kuna Wabantu wa Somalia, ambao wamebaguliwa miaka mingi. Ukiachia mtu mmoja akuletee majina yote ya intavyuu, usishangae ofisi ikigeuka ya ukoo mmoja.

Wenyeji nao? Vijana wa Dadaab wamelia sana kwamba kazi nono zinabebwa na watu wa "down Kenya". Wana pointi. Tangaza nafasi huko vijijini kwao pia, si mtandaoni tu.

Na tafadhali, intavyuu usiiweke Ijumaa saa saba mchana.